Motere ya Pampu Ndani ya Jeep ya Papa

Jirani yangu ana mashine ya kusaga mahindi, na kila asubuhi, kabla wateja hawajafika, anaiwasha. Kwanza inakohoa, inanyamaza, inakohoa tena, halafu inashika mwendo wake, na moshi wa mazutu, yaani dizeli, unapita juu ya ua na kuingia jikoni kwangu. Wajukuu wangu hukimbilia kufunga dirisha. Mimi huacha ninachokifanya, hata kama ni chai iliyo karibu kumwagika, na kwa kitambo kidogo ninakuwa tena mtoto wa Bihambwe, nimesimama mlangoni, nanusa shati la Papa anaporudi kazini.

Niwaambieni habari ya harufu hiyo, maana nimekaa nayo muda mrefu.

Baba yangu aliitwa Anselme. Alikuwa shofere na fundi wa magari kwa muzungu mmoja aliyelima pareto kwenye vilima vyetu, enzi za Wabelgiji. Jina la muzungu huyo hatukulitumia; tulimwita Patron, kama kila mtu pale kambini. Tulikaa katika nyumba za wafanyakazi: mimi, Papa, Mama, na Koko, yaani mama yake Papa, ambaye alikuwa haoni vizuri lakini alisikia kila kitu, hasa kile ambacho hukutaka akisikie.

Patron alikuwa na jeep ya zamani, ya zile zilizobaki baada ya vita. Ilikunywa petroli, tuliyoiita esanse, kupita kiasi, na mwaka mmoja motere yake, ile injini yenyewe, ikapasuka katikati ya mlima. Papa akarudi kwa miguu chini ya mvua, uso mweusi kwa oili. Vyuma vya kuitengeneza havikupatikana. Ndipo Patron akasikia kwamba kule Walikale, upande wa Kibua, kwenye machimbo yaliyokwisha kufungwa, kulikuwa na motere ndogo ya mazutu iliyokuwa ikivuta pampu ya maji. Akaitaka, akamtuma Papa na lori kwenda kuichukua.

Papa alikawia huko kuliko tulivyotazamia, kwa sababu mvua ya msitu ilikuwa imeikata barabara. Aliporudi alikuwa amekonda na miguu yake ina vidonda, lakini alikuwa anacheka. Motere ililala nyuma ya lori, imefunikwa majani ya migomba kama mtu anayepelekwa kwa waganga. Tukapanda wote kuitazama. Ilikuwa na kutu, na ndege walikuwa wamejenga ndani ya bomba lake la moshi.

Kuitoa motere ya pampu kwenye kazi yake na kuitia ndani ya jeep si jambo la kufungua na kufunga. Matundu ya motere hayakulingana na ya sanduku la vitesi, yaani gia, basi Papa akakata sahani nene ya chuma kutoka kwenye mabaki ya lori, akaitoboa na kuipiga tupa kwa mikono, asubuhi hadi jioni, mpaka vitu viwili visivyojuana vikakubali kushikana. Motere ilikuwa ndefu mno. Akaisogeza mbele rejeta. Ilikuwa ndefu kwenda juu pia. Akakata tundu kwenye kifuniko cha mbele cha jeep, ikachungulia nje. Na ilikuwa nzito. Walipojaribu kuiweka mara ya kwanza, resori za mbele, zile springi, zikalala, jeep ikainamisha pua kama ng'ombe anayekunywa maji. Papa akaongeza mabapa ya resori kutoka kwenye gari jingine lililokufa.

Mama alikuwa na mimba wakati ule, na mdomo wake haukupungua. Aliwaambia majirani kwamba bwana yake ameoa mke wa pili, anatoka Walikale, ana mwili wa chuma na hataki kuoga. Alifua mashati ya Papa kwa majivu, akayanusa, akayafua tena, na harufu ikabaki. Lakini siku ya kuinyanyua motere kwa mara ya mwisho, boriti ya garaje iliyopitishiwa kamba ilipoanza kulia na wanaume wakaonekana hawatoshi, Mama ndiye aliyewaita wanawake waliokuwa wanatoka shambani. Wakaweka vikapu chini, wakashika kamba. Koko alimpigia kelele aache, afikirie tumbo lake. Mama akavuta, akicheka, nami nimeshika kamba nyuma yake, na motere ikapanda hewani, ikazunguka polepole, ikashuka mahali pake.

Siku ya kuiwasha watu wote wa kambi walikuja. Papa akazungusha manivele, ule mkono wa chuma wa kuwashia, mpaka mishipa ya shingo ikamtoka. Moshi mweupe ukajaza garaje, kuku wakakimbia, halafu ile sauti ikashika. Patron akapanda, wakaenda hadi kwenye vikaushio vya pareto na kurudi. Aliposhuka alimpiga Papa begani mbele ya watu wote, akasema kwa Kiswahili chake:

“Anselme, hii jeep iko yako.”

Watu wakapiga makofi. Mimi niliyaamini maneno yale kama nilivyoamini katekisimu. Nilizunguka kambi nzima nikiwaambia watoto wenzangu kwamba jeep ni yetu, nikawakataza kukanyaga mahali ilipopita magurudumu. Papa aliposikia hakunisahihisha. Alitabasamu tu.

Gari lenyewe lilikuwa na kasoro moja. Motere ya pampu hufungwa kifaa kinachoizuia isikimbie kupita kiasi, na hata Papa alipokilegeza, kwenye njia tambarare mtu wa baiskeli aliweza kutupita na kutupungia mkono. Lakini mlimani ilivuta. Ilivuta mifuko ya pareto, ilivuta mabidoni ya maziwa ya wafugaji, na wakati wa matope, magari mengine yalipokwama, ilipita ikinguruma kwa hasira.

Mama alijifungua Jumapili alfajiri, mikononi mwa Koko na mama mmoja jirani. Alikuwa mtoto mwanaume, mdogo, mwenye sauti kali. Nilipewa nimshike. Papa aliingia, akamtazama, akatoka nje tukamsikia anapiga mluzi. Kisha Koko akaanza kuomba vitambaa. Akaomba tena. Nilimwona yule jirani anatoka na beseni, amelifunika ili nisione, nami nikaona.

Koko akamwita Papa mlangoni. Hakupaza sauti. Alimwambia kwamba damu inakataa kusimama na kwamba hapa mikono yake imefika mwisho. Apelekwe hospitali, kule Masisi, sasa.

Nilifurahi, Mungu anisamehe. Niliwaza kwamba jeep ipo na ni yetu, basi shida imekwisha. Manivele ilikuwa inalala nyumbani mwetu, chini ya kitanda cha Papa, kwa sababu hakumwamini mtu mwingine nayo. Lakini Papa hakuichukua kwanza. Alinawa uso. Alivaa shati safi, lile la kanisani, akalifunga vifungo vyote. Halafu akapanda kwenda nyumba ya Patron kuomba ruhusa.

Hakurudi. Jua lilipanda, ukungu ukaondoka bondeni, watu wakatoka kwenye sala wakapita mbele ya nyumba yetu wakinong'ona. Koko akanituma nikamwangalie. Nilimkuta amesimama chini ya baraza ya Patron, kando ya maua, kofia ameishika kwa mikono miwili. Ndani kulikuwa na wageni; nilisikia sahani na vicheko. Kapita, yaani msimamizi wa wafanyakazi, alikuwa amekaa kwenye ngazi, na ndiye aliyepaswa kuingia kusema.

“Patron iko anakula na wageni,” kapita alisema, bila ubaya wowote. “Ngojea kidogo.”

“Papa,” nikamwambia, “Koko anasema Mama iko anasikia baridi.”

“Rudia ku nyumba, mama yangu. Niko nangojea.”

Nilirudi. Mama alikuwa amefunikwa kila kitambaa tulichokuwa nacho, na midomo yake imebadilika rangi. Koko akanituma tena, na safari hii nilikimbia. Papa alikuwa amesimama palepale, kana kwamba amepandwa. Shati lilikuwa limelowa mgongoni, ingawa hakukuwa na joto.

Ndipo Patron alipotoka mwenyewe kuvuta sigara, na kitambaa cha mezani bado kiko shingoni. Akashangaa kumwona. Papa akamweleza, akitazama chini.

“Lakini nenda, nenda basi!” Patron akasema. “Kwa nini haukusema mbele?”

Aliona uchungu kweli, naweza kushuhudia. Alirudi ndani kuchukua blanketi lake mwenyewe akatupatia.

Tukamlaza Mama nyuma, kichwa chake kwenye mapaja yangu. Mtoto alibaki na Koko. Papa akazungusha manivele, na motere, iliyokuwa baridi, ikakataa, ikakataa, ikashika. Barabara ya kwenda Masisi ilikuwa kona tupu, upande mmoja mlima, upande mwingine shimo, na matope mekundu ya mvua ya jana. Nilikuwa naona mgongo wa Papa na mikono yake kwenye usukani. Alikuwa anaisemesha ile motere, anaibembeleza, anaitukana. Moshi uliingia kupitia tundu alilolikata mwenyewe.

Mama aliniuliza kama nilifunika chungu cha maharagi. Nikasema ndiyo. Baadaye akauliza tena, nikajibu tena. Kisha hakuuliza. Kichwa chake kilizidi kuwa kizito juu ya mapaja yangu, nikafikiri amelala, nikajikaza nisitikisike ili nisimwamshe. Nilikuwa najivunia kwamba simwamshi. Tulipofika, wanaume wa hospitali wakaja na machela, mmoja wao akamshika Mama shingoni, akamtazama Papa, akatikisa kichwa.

Papa akakaa chini, palepale kwenye matope, na shati lake la kanisani.

“Motere haina mbio,” alisema. “Ni motere ya pampu. Haina mbio.”

Aliyasema maneno hayo kwa daktari. Aliyasema kwenye mazishi, kwa kila aliyekuja kumshika mkono, na kwa padri, na kwa Patron aliyesimama nyuma ya watu kofia mkononi. Watu wakayachukua. Kambi nzima ikajua kwamba mke wa Anselme aliuawa na ile motere iliyotoka Walikale, na wako waliosema ililaaniwa tangu huko.

Ndugu yangu mchanga aliishi kwa sababu ya Mama Esperance, wa familia ya wafugaji waliokaa ng'ambo ya bonde. Alikuja kila asubuhi na kibuyu cha maziwa, akayachanganya na maji ya moto, akamnywesha tone kwa tone, na hakutaka malipo, hata viazi vyetu. Tulimwita mtoto Amani. Papa alikataa kugusa tena jeep, ingawa Patron alimbembeleza. Tukahamia Kashuga kwa ndugu zake Koko, na Papa akawa mkulima kama baba zake. Gari lilipopita barabarani aliinamia jembe. Mimi nikakua nikiichukia motere ya mazutu kama watu wanavyomchukia muuaji anayejulikana kwa jina.

Amani ndiye aliyekuja kuwa shofere. Ajabu ya damu. Siku moja, nikiwa tayari nina watoto wakubwa, alinipitisha njia ile kutoka Bihambwe hadi Masisi katika gari lake jipya, lenye nguvu na sauti ndogo. Lakini tulikuwa tunakwenda taratibu, kona baada ya kona. Nikamwambia aongeze mwendo.

“Hapa, dada? Hapa gari gani inaweza kukimbia? Hata ingekuwa ya mufalme. Tunaanguka.”

Nikatazama shimo upande wangu. Nikatazama mikono yake kwenye usukani. Tulifika Masisi nami nikajua, kwa mwili na si kwa hesabu, kwamba tulikuwa tumetumia karibu muda uleule. Mlimani motere ya pampu haikuwahi kushindwa na gari lolote. Mama hakufia barabarani. Alifia pale kwenye baraza, kando ya maua, wakati mimi naambiwa nirudi nyumbani.

Nilikwenda Kashuga. Papa alikuwa mzee, ameketi kwenye kigoda anachambua maharagi. Nilikaa karibu naye, nikachambua naye kidogo, kisha nikamwambia kwamba nimepita njia ya Masisi na Amani.

Vidole vyake vikasimama.

“Ile motere haikukawiyaka,” alisema, bila mimi kuuliza. “Ni miye njo nilikawiyaka. Niliogopaka kupita mbele ya kapita. Nilijua motere yote, kila bulo na nati yake, na mulango ya muntu niliogopaka.”

Ningetaka kumwambia kwamba enzi zile kila mtu aliogopa, na ilikuwa kweli, lakini isingemfaa kitu. Nikaendelea kuchambua maharagi. Akaniuliza kama Amani anajua. Nikasema hapana.

“Umuambie,” alisema. “Lakini ungojee nikufe.”

Tulimzika wakati wa mvua. Jioni, watu walipotawanyika, niliketi na Amani ndani ya gari lake, nikamsimulia yote: shati la kanisani, kofia, kapita kwenye ngazi. Nilidhani atakasirika. Aliegemeza kichwa kwenye usukani, mwanaume mwenye mvi, na mabega yake yakaanza kutikisika. Nikamshika mgongo, nikamwambia asimhukumu Papa.

“Simuhukumu,” alisema. “Dada, miye maisha yangu yote nilizaniaka ni miye njo nilimuua.”