Maboya Sita ya Njano

Mimi ni mtu wa mdomo. Mke wangu husema nikinyamaza dakika tano ataita mchungaji. Kwa hiyo msishangae nikiwaambia kwamba mzigo mzito kuliko yote niliyowahi kubeba ni jambo la kunyamazia. Ufuo wetu sitautaja. Uko upande wa Homa Bay, una matete, una kanisa la mabati, una akina mama wanaokaanga samaki. Fuo za namna hiyo ni nyingi, tafuteni wenyewe.

Baba alikuwa mvuvi wa ngege, wale sato wa ziwa letu. Mbuta, yaani sangara, alimwita samaki wa matajiri, na omena, dagaa wetu, alisema ni chakula cha kuku, tena alisema hivyo mbele ya wavuvi wa omena bila haya, mdogo wangu akiwa mmoja wao. Nilipooa, kabla sijamaliza hata kuezeka nyumba, alinipakia kwenye mtumbwi wake asubuhi moja, tukapita kando ya matete mpaka mahali ambapo paa la kanisa hujificha nyuma ya jiwe kubwa na mkuyu mmoja huonekana peke yake juu ya kilima. Akaacha kupiga kasia. "Angalia chini," akasema. Maji yalikuwa maangavu. Nikaona mashimo ya duara kwenye mchanga, mapana kama sinia, na juu ya kila shimo dume mmoja analinda.

Akanieleza jinsi jike anavyotaga humo, kisha anaokota mayai yote kwa mdomo na kuyatunza humo humo siku nyingi, bila kula chochote. Hata watoto wakishaanguliwa, wakiona hatari hukimbilia mdomoni. "Mama mwenye watoto mdomoni hasemi neno," Baba alisema. "Ukimvua, akiingia tu mtumbwini anawatapika wote. Umepata samaki mmoja, umeua kizazi." Yeye akimnasa jike wa hivyo kwa bahati mbaya, alimrudisha majini kwa mikono miwili, taratibu, kama mtu anayemlaza mtoto mchanga.

Halafu akanionya. Mahali pale yeye alionyeshwa na babu, na babu na baba yake, kila mara mzaliwa wa kwanza peke yake, na hakuna hata mmoja wao aliyewahi kutega pale wakati wa kuzaa. Mdogo wangu asijue. Mke wangu asijue. Nikasema sawa, Baba, wala usiwe na wasiwasi.

Miaka ikapita. Ngege wakapungua ziwani, na waliobaki walikuwa wa kujaza kiganja tu. Mimi nikachaguliwa katibu wa kamati ya ufuo, kwa sababu mwandiko wangu unasomeka. Siku moja tukaletewa semina. Afisa wa uvuvi, kijana mgeni asiyejua Kijaluo hata cha salamu, alitueleza vizuri kabisa hasara ya kumvua samaki anayezaa, mpaka nikamwona kama Baba aliyevaa tai. Kisha akauliza: kuna anayejua ngege wa hapa wanazalia wapi? Wenzangu ni watu wa omena na mbuta, wa maji ya mbali, kule kwenye matete hawana shughuli. Nilikuwa nimekunywa soda moja na kula mandazi mawili, na haki ya Mungu sikupewa kingine chochote. Nilitaka tu yule kijana ajue kwamba na sisi tunajua. Nikainua mkono.

Mdomo uliponza kichwa.

Kinachoniuma ni kwamba nilidhani nafanya jema. Ramani niliichora mwenyewe kwa kalamu. Tukapata mitungi sita ya njano, tukaifunga kamba na mawe, tukaizungusha mahali pale iwe maboya: humu hakuna ruhusa ya kuvua. Tangazo likasomwa kanisani. Baba alikuwa amekaa benchi la mbele na hakugeuka. Tangu siku hiyo hakunisemesha. Mke wangu akimpelekea uji, anashukuru na kumbariki. Nikiupeleka mimi, anaupokea kama umeletwa na upepo.

Sasa hebu oneni upumbavu wetu. Mahali pale palikuwa salama kwa sababu hapakuwa na alama, maji ni maji tu. Sisi tukaweka mitungi ya njano inayoonekana mpaka ng'ambo! Wiki ya pili watu wa fuo nyingine wakaanza kuja, wanafuata njano, wanazungusha nyavu na kupiga maji kwa magongo samaki watoke mashimoni, na kabla hatujapata petroli ya boti yetu moja ya doria wameshaondoka. Nilijua ukubwa wa hasara siku nilipopita kwa akina mama wanaoparua samaki. Mmoja alimfungua ngege mdomo, mayai yakamwagika kwenye karai, mengi, ya njano. "Yawa," akasema, "huyu alikuwa mzazi." Akaosha karai, akashika mwingine. Nikaenda nyuma ya banda nikalia, sitaficha.

Niliiomba kamati tuyaondoe maboya. Mwenyekiti akanitazama kama mtu aliyepungukiwa akili. Afisa alikuwa anakuja kukagua, na mazalia yetu yalikuwa yametajwa kwenye ripoti. "Tukiyaondoa, tutasema tunalinda nini?" akauliza. Nikabaki kuwa mlinzi wa mahali ambapo mimi mwenyewe nilikuwa nimepauza bure.

Kilichonisaidia ni gugumaji. Upepo ulilisukuma likafunika pwani yetu yote, hata maji ya kuchota yakawa shida, na lilipoondoka liliondoka na mitungi yetu. Tuliikuta imetapakaa kwenye matete. Mwenyekiti akasema, "Katibu, wewe ndiye unayepajua. Rudisha." Nikaenda peke yangu. Nilipofika, paa la kanisa likajificha nyuma ya jiwe, mkuyu ukasimama peke yake, nikaangalia chini. Mashimo yalikuwa machache, lakini yalikuwepo, na madume walikuwa wanalinda kana kwamba hakuna kilichotokea. Nilikaa hapo na mitungi miguuni mpaka jua likawa kali. Kisha nikashika kasia, nikazunguka rasi, nikaiangusha yote sita upande wa pili, kwenye tope tupu, ambako sijawahi kumwona mtu akitupa hata ndoana. Nikachora ramani mpya. Nikasema ile ya kwanza ililowa, na wenzangu, ambao kwao matete yote ni mamoja, hawakuuliza.

Jioni Baba alishuka ufuoni, akaweka kiganja juu ya macho, akaangalia majini kwa muda mrefu. Kesho yake nilipopeleka uji, alisema, "Una sukari nyingi." Nilirudi kwangu nikiruka kama mtoto.

Wezi wakaja, wakafuata njano, wakavuta tope, wakachoka. Nilikuwa nacheka peke yangu. Sikuwaza hata kidogo kwamba kuna siku doria itamkamata mtu.

Ilikuwa miezi ya kufungwa uvuvi wa omena. Mke wa mdogo wangu huuza omena soko la Rangwe, na omena ikifungwa, jiko lao nalo linafungwa. Watoto watatu. Niliwapelekea mahindi, mdogo wangu akapokea, akasema asante, macho chini. Mwanamume mwenye nyumba yake hapendi kulishwa na kaka. Asubuhi moja tuko kwenye doria, ukungu unaanza kuinuka, tukaona mtumbwi katikati ya maboya. Nilimtambua kwa kofia yake kabla hatujafika. Nikamwambia dereva injini inalia vibaya, turudi. Akacheka: "Katibu, leo umekuwa mwoga?" Akaongeza mwendo.

Kikao kilifanyika siku hiyo hiyo kwenye banda la kupimia samaki. Kwa sababu afisa alikuwepo, tulizungumza Kiswahili, na ikawa ajabu kumsikia ndugu yangu akijitetea mbele yangu kwa lugha ya wageni. Mwenyekiti alifungua kwa kusema siku za mwizi ni arobaini. Adhabu tulikuwa tumeipitisha wenyewe siku ya kuweka maboya, na niliiandika kwa mkono wangu: wavu uchomwe, mtumbwi uchukuliwe, jina lifutwe, asivue tena ufuo huu.

Mdogo wangu akasimama. "Kutega nimetega, sikatai. Nina watoto. Lakini niwaulize, mnalinda nini pale? Nimeinua wavu mara tatu, sikupata hata ngege mmoja. Ni tope! Pale hawazai samaki, mmedanganywa." Watu wakaguna. Afisa akanitazama, akatazama ramani. Nikisema kweli, ndugu yangu anapona, na kesho maboya yanarudi mahali pa Baba, na kabla ya mvua nyingine kuisha hakuna shimo litakalobaki. Nikisema uongo, nimemhukumu mtoto wa mama yangu kwa kosa ambalo hakulifanya. Nilifungua mdomo, mimi mtu wa mdomo, hakikutoka kitu.

"Msimuulize Katibu," mdogo wangu akasema. "Muulizeni Baba. Amevua ngege tangu tuzaliwe. Baba hasemi uongo."

Baba alikuwa nyuma, amekaa juu ya kreti. Akasimama polepole. Hakunitazama mimi, alimtazama yeye, na uso wa mdogo wangu ulikuwa umeshaanza kupata nafuu, kama mtu aliyeona mlango unafunguliwa.

"Ni hapo," Baba akasema kwa Kiswahili chake. "Hapo ndio ngege nazaa. Toka baba yangu."

"Baba!" mdogo wangu akasema. Mara moja tu.

Mtu akatania kwamba samaki wa siku hizi wanamjua mwizi, wanahama wakimwona, na watu wakacheka. Wavu ulichomwa mbele ya banda. Nailoni ikiungua inanuka vibaya, na inadondoka matone meusi kwenye mchanga. Mke wa mdogo wangu alisimama na mtoto mgongoni akiangalia mpaka mwisho. Juma hilo mdogo wangu alifunga nguo kwenye gunia, akaenda Awendo kukata miwa na kupakia malori.

Njiani kurudi nyumbani Baba alitembea mbele yangu. Tulipofika langoni akasema, bila kugeuka, "Wuoda, mwanangu, sasa umejua kufunga mdomo." Nilikuwa nimengoja aniite hivyo muda mrefu kiasi gani, na nilipoitwa nikatamani ardhi inimeze.

Mdogo wangu hakuja nyumbani tena Baba akiwa hai. Alimtumia mama salamu, sukari, siku ya Krismasi kitenge. Baba hakupelekewa hata neno, naye hakuuliza, ila kila mtu akitoka Awendo alimkalisha karibu na kumsikiliza habari za miwa kana kwamba anataka kuilima. Mara nyingi nilitaka kupanda gari nimfuate huko nimweleze yote. Kisha nikawaza: atarudi na hasira yake ya haki, atasema ukweli sokoni, na nani atamlaumu? Sikwenda. Wakati huo ngege walianza kurudi, wadogo kwanza, kisha wa kujaa sahani. Afisa alipandishwa cheo. Kamati yetu ilisifiwa na wageni waliokuja na kamera, nikasimama mbele ya maji matupu nikawaelekeza kwa kidole.

Baba alifariki. Mdogo wangu akaja kumzika, mikono imechanwa na majani ya miwa, mvi zimeanza. Kwenye matanga mama alimwekea ngege mzima, mkia unazidi sahani. Aliula upande mmoja, akamgeuza. Nilikuwa nimekaa mbele yake, tonge mkononi.

"Omera, ndugu yangu," akaniambia, "huyu ametoka ziwa letu?"

"Ndiyo."

"Basi yale maboya yalifanya kazi." Akatafuna. "Nimemkasirikia Baba bure. Nilikuwa nasema wavu haukupata kitu, kumbe nilikuwa sijui kutega huko kwenye kina kifupi. Mzee alinitoa sadaka mimi mwanawe ili watoto wetu wale. Ningekuwa mimi, nisingeweza." Machozi yakamtoka akiwa na mfupa mdomoni, akajifuta na kiwiko.

Hapo ndipo nilipaswa kusema. Baba yuko kaburini, hakuna tena wa kumlinda. Lakini mashimo yako pale pale, na mdogo wangu naye ni mtu wa mdomo, tumetoka tumbo moja.

Baada ya matanga hakurudi Awendo. Aliomba kamati impokee, nikaliandika jina lake upya kwa mkono ule ule. Kuvua alikataa. Aliomba doria. Sasa mwaka wa pili huu, mvua za kuzaa zikianza, anavaa jaketi lake la kuokolea na kukaa karibu na maboya sita ya njano kutoka asubuhi mpaka jua linapolala, ananyeshewa, anafukuza mitumbwi, anatukanwa. Kifua kimeanza kumsumbua. Nikimwambia apumzike, ananiambia kwamba mahali pa Baba hapawezi kuachwa hivi hivi.

Juzi nilimpelekea chai. Aliinua kikombe akanionyesha maji, macho yanang'aa. "Nimewaona leo," akasema. "Karibu na boya la tatu, wanajigeuza. Si ndipo hapo?"

Maji yalikuwa rangi ya tope, kama siku zote.

"Ndiyo," nikamwambia. "Ni hapo."