Mpini wa Mti wa Kahawa

Kazi ya Bizumuremyi ni kufanya watu wamkimbie, na hana kazi nyingine anayoipenda kama hiyo. Kwenye mashindano ya mbio ya shule za Rubavu yeye ndiye mwanzishaji. Watoto wanajipanga mstarini, anainua bastola juu, pa! na wote hao, wametoka. Bastola yenyewe haina madhara. Ni ile ya silinda, mdomo wake umezibwa tangu kiwandani, inatoa kelele na moshi tu, na askari wa mjini wanaijua kama wanavyoijua kofia yake. Lakini jamani, mtazameni baada ya mlio. Macho yote yako kule mbio zinakoishia, vigelegele viko huko, picha zinapigwa huko, na yeye kabaki peke yake na moshi wake.

Zamani hakujali. Akirudi nyumbani Nengo alimkuta mkewe Illuminée, ambaye hakuwahi kukanyaga uwanjani lakini alitaka asimuliwe kila mbio, hadi nani alianguka na nani alilia. Illuminée alifariki mwaka juzi. Binti yao Niyigena yuko Kigali, anamtumia ujumbe wa sauti kwenye simu, na mzee anausikiliza mara mbili mbili akinywa chai. Kuna siku inapita nzima hajasema na mtu ila "asante" kwa muuza mikate. Ulikuwa upweke, nao ulimuuma, sina haja ya kuupamba.

Msimu uliopita mambo yakaharibika. Vibao vya plastiki vya mpini wa bastola vilikuwa vimepasuka, na mwerevu mmoja wa chama cha riadha akauzungushia mpira wa baiskeli. Ikanyesha mvua, mpira ukateleza, vidole vya mzee vyenye baridi yabisi vikashindwa kuudaka, na bastola ikalia watoto wakiwa bado wanafunga kamba za viatu. Uwanja mzima ulicheka. Ingabire, katibu wa chama, hakucheka.

"Muze, tengenezesha huo mupini mbele ya mashindano inayokuja," alimwambia. "Ikishindikana, tutampa yule kijana Aimable filimbi, aanzishe yeye."

Filimbi! Na nani tena angeliita jina la Bizumuremyi kwenye kipaza sauti, watu wote wasikie?

Ndipo akaenda kwa Nkusi, fundi wa mipini ya majembe na visu karibu na soko, Mwislamu wa mjini hapa tangu enzi za babu yake. Nkusi hatumii rula. Anakupima kwa kukusalimia. Na sisi huku salamu si kugusana na kuachiana. Anaushika mkono, anauliza habari za nyumba, za watoto, za mvua, za ng'ombe hata kama huna ng'ombe, na muda wote huo vidole vyake vinatafuta kidole gumba chako kinafika wapi, fundo gani limevimba, kiganja kina nyama kiasi gani. Ilichukua muda. Bizumuremyi akashangaa machozi yanamlengalenga. Tangu mazishi ya mkewe, hakuna aliyekuwa amemshika mkono hivyo.

Mpini wa kwanza ulikuwa wa mti wa kahawa. Umejaa kiganjani, umevimba kidogo chini ili usichomoke, na pembeni una kibonde cha kulaza kidole gumba. Nkusi hakuupaka vanishi.

"Vanishi ni ya macho," alisema. "Jasho ikifika, inateleza. Mi nimechora hii mistari midogo, inashika lakini haichubue. Sasa usijaribu mukono ikiwa chini. Inua juu, kaa vile, kama unangojea batoto batulie."

Mzee akainua. Kidole cha kufyatulia kilifika penyewe, gumba likalala mahali pake, mkono haukuuma hata chembe. Ulikuwa umemkaa kama umeota mkononi mwake.

"Iko namna gani?"

Mpini ukikubalika, kazi imekwisha. Kazi ikiisha, hakuna tena wa kumwambia lete mukono. Bizumuremyi akakunja uso. "Bon, inabana kidogo. Hapa, chini ya gumba."

Uongo mtupu, tena mchana kweupe! Nkusi akamsalimia upya, akapima upya, akachonga wa mkaratusi. Huo, mzee akasema, ni mzito. Akachonga wa mparachichi. Huo ukawa laini mno. Kila aliporudi Bizumuremyi alipata salamu yake nzima na kikombe cha chai ya tangawizi, akaondoka moyo mwepesi. Hakujiuliza hata mara moja fundi anabaki vipi.

Siku moja kabla ya mashindano alimkuta Nkusi anatia patasi zake kwenye gunia.

"Unasafiri, fundi?"

"Naacha kazi." Nkusi hakuinua macho. "Maisha yangu yote, mukono ya mutu nikiishika, naijua. Yako nimeishika mara ngapi? Na bado inakubana. Donc, basi, mikono yangu ndiyo imekufa. Kesho kuna seremala wa Nyamyumba anakuja kuchukua hivi vyombo."

Bizumuremyi angenyamaza, angebaki na heshima yake, na mwenzake angebaki na mikono aliyoidhania imekufa. Akakaa kwenye kigogo bila kukaribishwa.

"Fundi, ile ya kwanza ilinikaa. Siku ile ile. Hakuna kitu ilinibana."

"Unasema nini?"

"Nilikuwa nakuja kwa sababu ya salamu. Kwangu hakuna mutu, Nkusi. Hata mumoja."

Nkusi alimtazama, kisha akalipuka. "Wallahi! Mi nakosa usingizi, naangalia mikono yangu kama mwenda wazimu, kumbe we unatafuta salamu? Si ungesema tu, nimekuja kusalimia? Nani anakatalia mutu salamu?"

Akazirudisha patasi mezani, akautoa mpini wa mti wa kahawa, akaukaza kwa skrubu, akamsukumia bastola yake mezani. Mkono hakutoa. Bizumuremyi alipanda kwenda Nengo akijiona mtu wa ovyo kabisa.

Kesho yake mvua nyembamba ilinyesha. Jina lake likaitwa kwenye kipaza sauti, akainua mkono, akangoja watoto watulie. Mpini haukuteleza, vidole havikuuma. Pa! Watoto wakatoka vizuri, uwanja ukageukia kule mbio zinakoishia, na yeye akabaki na moshi wake. Hakutazama nyuma. Nyuma yake hapakuwahi kuwa na mtu.

"Sasa inabana?"

Nkusi alikuwa amesimama nyuma ya mstari, upande ambao hasimami mtu, kofia imelowa, vigelegele vyote vya kule mbele havimhusu. Bado alikuwa amenuna.

"Haibane," alisema Bizumuremyi.

"Lete mukono nione mwenyewe. Habari ya nyumbani?"

Bizumuremyi aliihamishia bastola mkono wa kushoto. "Nyumbani niko peke yangu."

"Ile nimekwisha kusikia," alisema Nkusi, na hakumwachia. "Na ng'ombe?"