Kuhamia Bungoma Muhula wa Tatu

Nilizisikia kengele kabla sijaona kitu. Chang, chang, chuma juu ya chuma, nyuma ya soko la Kitale, Agosti iliyopita. Nilikuwa nimeinama nikichagua viazi, na kabla akili haijafika, miguu ilikuwa tayari inatafuta pa kukimbilia. Mama muuza viazi akacheka. "Dada, si ni kijana wa kutahiriwa tu? Huyo ndiye unaogopa?" Nikacheka naye. Wewe, rafiki, nitakueleza.

Tuliishi upande wa Saboti, mahali ambapo mlima humeza jua mapema. Shule yetu ilikuwa ya kuta za udongo. Kila Ijumaa tulibeba maji na mavi ya ng'ombe tukapaka sakafu, tukiimba, na mpaka leo harufu ile kwangu ni harufu ya usafi. Kisha ukaja ule mwaka wa miaka ya tisini watu walipoanza kuchomeana nyumba kwa sababu ya kabila. Asubuhi tuliona moshi juu mlimani, na darasani wenzetu wakawa hawaji. Mwalimu hakuuliza wamekwenda wapi. Alisema tu, "Songeni mbele." Tukasonga, tukasonga, hadi madawati ya nyuma yote yakabaki wazi na sisi tumebanana mbele kama vifaranga walioona mwewe.

Mama alitaka tuhamie Bungoma kwa nyanya, tusome shule ya karibu na reli. Baba alikataa.

"Ukitoa watoto shuleni, jirani ataona unakimbia. Na yeye atakimbia. Tutabaki na nani hapa?"

"Nyumba ikichomwa tutajenga. Mtoto utamjenga na nini?"

"Na huyu wa darasa la nane? Amesajiliwa hapa. Mtihani hauhamishwi."

"Basi wadogo waende."

"Tugawanye watoto kama kuku?"

Mabishano yaliishia hapo kila jioni, ugali ukipoa. Dada yangu, ndiye huyo wa darasa la nane, alitazama sahani yake.

Shule zikafungwa Agosti, wao hawajaamua. Alasiri moja mama alikuwa uani akipiga maharagwe na jirani yetu, mama mmoja ambaye wazazi wake walihamia kwetu kutoka upande wa Nyeri. Ghafla tukasikia ng'ambo ya mto: chang, chang, filimbi, na sauti za wanaume wengi. Sisi ni Wabukusu. Tulipaswa kujua. Ulikuwa mwaka wa kutahiri, na kila mtoto wa kwetu anazijua chinyimba, zile kengele za chuma ambazo kijana hugonga mikononi akienda kualika jamaa zake. Lakini mwaka ule hofu ilikuwa imetunyang'anya masikio. Mama alipiga kelele moja tu: "Kwa mahindi!"

Tulilala kifudifudi kati ya mistari, siafu wakinipanda shingoni, na sikuthubutu kuwapangusa. Jirani alikuwa kando yangu, amemziba mtoto wake mdomo kwa kanga. Kupitia mabua nilimwona baba amesimama peke yake mlangoni na panga. Sijawahi tena kumwona mtu mpweke hivyo.

Umati ukaingia na matawi juu, ukiimba. Mbele yake alikuwa mtoto wa shangazi yangu, kifua wazi, shanga zimepishana kifuani. Alikuja kumwalika mjomba wake. Aliona panga limeinuliwa, na kengele zikanyamaza.

"Khocha," alisema, ndivyo tunavyomwita mjomba, "ni mimi."

Jirani ndiye aliyetoka wa kwanza, amejaa vumbi. "Ngai! Yaani nimekimbia mtoto anaenda kutahiriwa? Bana, nipeni hata chai!" Watu wakacheka hadi wakashikana mabega. Baba hakucheka. Alimkumbatia mpwa wake, akamwahidi nyama ya ng'ombe kama desturi inavyotaka, akamwomba radhi mbele ya wote. Walipoondoka alikaa kwenye gogo, akamwambia mama bila kumtazama, "Nimemwinulia panga mtoto wetu. Wadogo waende. Wa darasa la nane atabaki na sisi."

Leo najua dada alifanya mtihani wake akarudi salama. Najua pia kwamba jirani alihama siku chache baada yetu, kama baba alivyohofia, na hakurudi. Mahali pa shule ni mahindi matupu. Hakuna anayepaka sakafu Ijumaa, na watoto waliokuwa wakiketi madawati ya nyuma sijui walikulia wapi.

Lakini siku ile mama alipotufikisha Bungoma sikujua lolote. Nyanya alitupakulia ugali wa wimbi na mboga chungu za saga. Mama hakula. Alijifunga leso upya kwa safari ya kurudi Saboti, akampa nyanya sare zetu.

"Mama, utarudi na dada?" nikauliza.

"Kula," akasema.

Nikala, nikimsikiliza. Alipita nyuma ya kiti changu, akanigusa kichwa, akatoka, na mlango ukafungwa nyuma yake.