Barua ya Udhuru ya Aloisi

Larkmoor ni kamji ka mitaa tisa, kusini mwa Louisville, jirani na Okolona. Zamani palikuwa mashamba ya kabichi. Zilipojengwa nyumba za wafanyakazi wa viwandani, jiji la Louisville likataka kuwameza, nao wakapiga kura wawe na meya wao na baraza lao. Mpaka leo wanavyo, ingawa wakazi wengi hawana habari. Aloisi alikuwa nazo, tena kwa kukosea.

Wiki aliyohamia pale na mkewe Goreth alikuta karatasi mlangoni: wakazi wote wanakaribishwa kwenye kikao cha baraza, Jumatatu ya kwanza ya kila mwezi, saa moja jioni, ukumbi wa chini wa kanisa. Aloisi ni Mrundi aliyekulia kambi ya wakimbizi ya Mtabila, Tanzania. Kambini mkutano ukiitishwa unakwenda. Asiyefika hukosa habari, na pengine hukosa mgawo wa chakula. Basi akaenda.

Alikwenda miaka miwili bila kukosa. Kazini, kwenye ghala la mizigo, aliingia saa kumi na moja alfajiri, kwa hiyo jioni za kikao usingizi ulimwelemea. Hata hivyo alikaa kiti cha nyuma, shati limepigwa pasi, akisikiliza habari za taa za barabarani, mbwa wasiofungwa, na mtaro wa Mtaa wa Nne uliofurika kila mwaka. Hakusema neno. Mara nyingi alikuwa mkazi pekee aliyefika. Alidhani wengine wameomba ruhusa.

Kisha mwezi wa Machi akashikwa na homa kali. Aliandika barua kwa Kiingereza cha darasa la jioni, akamtuma Goreth aipeleke kikaoni. Meya, mama wa makamo aitwaye Marlene, aliisoma mbele ya madiwani: Aloisi anaomba radhi, anaumwa, mwezi ujao atafika bila kukosa.

Marlene akavua miwani. "Mama, nani alimwambia ni lazima aje?"

Goreth akajibu kwamba karatasi ilisema wakazi wote.

Diwani mmoja akaanza kucheka, wenzake wakafuata, mwishowe na Goreth mwenyewe. Marlene alisema kwa miaka ishirini na miwili hakuna aliyewahi kuwaletea udhuru, hata madiwani.

Aloisi alipoambiwa, alivuta blanketi mpaka usoni. Akaapa hakanyagi tena pale. Jumatatu ya Aprili ilipofika alikaa sebuleni, akawasha televisheni, akaizima, akachungulia dirishani. Mvua ilikuwa ikinyesha tangu asubuhi.

Goreth alikuwa akimenya ndizi. "Leo wanajadili mtaro," alisema bila kumgeukia.

Aloisi akachukua koti.

Aliwakuta wakipanga kuupanua. Kwa mara ya kwanza akanyoosha mkono. Alieleza kwamba kambini alichimba mitaro tangu akiwa na miaka kumi na minne, na kwamba huu wa Mtaa wa Nne ameutembelea Jumapili nyingi. Shida si upana. Kalvati ya mwisho, lile bomba la kupitisha maji chini ya barabara, imewekwa juu kuliko mtaro wenyewe.

"Maji hayapandi," alisema.

Wakatoka na miavuli, baraza zima, wakainama ukingoni. Ilikuwa kweli. Mwezi wa Mei kalvati ikashushwa, na mvua kubwa iliyofuata ikapita bila maji kuingia nyumbani kwa mtu.

Kiangazi hicho diwani mmoja akahamia Florida, na baraza likatakiwa kumteua mrithi. Aloisi alikuwa amepata uraia mwaka uliotangulia. Marlene akaja nyumbani kwao, akanywa chai ya maziwa, akamwomba akikalie kile kiti. Aloisi akasema Kiingereza chake kina mashimo. Marlene akamjibu kwamba wenye Kiingereza kizuri hawakuiona kalvati.

Siku ya kuapishwa, waumini wa kanisa la Warundi walikuja wote, ikabidi viti vishushwe kutoka juu. Aloisi aliapa kwa sauti ndogo, mkono juu ya Biblia ya Kirundi, Goreth akifuta machozi huku akicheka. Ajenda ilichelewa karibu saa nzima, kwa kuwa kwaya ilikuja na nyimbo tano na haikukubali kupunguza hata mmoja.