Siok-khim Asoma Majina Tisa

Tan Siok-khim alifanya kazi miaka kumi na tisa katika danguro lenye leseni mtaani Wanhua, Taipei, mpaka jiji lilipofuta leseni zote. Baada ya hapo akawa mwosha vyombo kwenye mkahawa wa uji, na majirani wa jengo alilohamia wakamjua kwa kazi hiyo tu.

Lakini kila mwaka, tarehe kumi na saba Desemba, wanawake waliowahi kufanya kazi ile walikusanyika mchana uwanjani karibu na hekalu, pamoja na vijana wa vyama vya wapenzi wa jinsia moja, kuwakumbuka wenzao waliouawa au kufa kwa dhiki. Siok-khim hakukosa hata mara moja. Alivaa kofia pana yenye kitambaa cha kufunika uso, akasimama nyuma, kisha akarudi zake nyumbani.

Mwaka aliotimiza sitini na tisa, A-Bi, mwenzao aliyezoea kusoma majina ya marehemu, alifika sauti imemkauka.

"Soma wewe, dada," alinong'ona.

"Mimi? Umekosa watu?"

"Hao vijana watayasoma kama matokeo ya mtihani. Wewe ulikula nao hawa."

Siok-khim akapanda jukwaani. Kitambaa kiliziba miwani. Jina la kwanza akalikosea, akalirudia, akalikosea tena. Akavua kofia, akaiweka chini, akasoma majina yote tisa. Miongoni mwao alikuwa Ong Guat-lan, aliyelala naye chumba kimoja miaka sita. Aliposhuka ndipo alipomwona Bibi Kho, jirani yake wa ghorofa ya tatu, amesimama kando ya barabara na mfuko wa machungwa, akimkodolea macho.

Kesho yake walipishana ngazini. Bibi Kho hakumsalimia, wala hakumsalimia tena maisha yake yote.

Sokoni, Tshui-ngo, muuza tofu, yaani jibini la soya, alimfungia vipande vyake viwili, lakini mfuko hakuuachia.

"Wateja wanasema jana ulisoma majina uwanjani."

"Nilisoma. Kama una neno, liseme, nina haraka."

"Mbona mkali hivyo? Huyo Guat-lan uliyemtaja, ndiye yule mwenye kovu la moto mkononi?"

"Ndiye. Ulimjua?"

"Si alikuwa akija hapa kila asubuhi, ananiambia tofu yangu imelegea kama mume wangu! Mara kimya. Nikadhani amehamia kwa muuzaji mwingine. Nimemnunia miaka yote hii."

"Ini lilimuua," alisema Siok-khim. "Majivu yake yako kwenye hekalu la mlimani, rafu ya chini kabisa."

"Nani anamtembelea?"

"Mimi, goti likikubali."

Tshui-ngo alifuta kisu, akafunika meza kwa turubai, ingawa ilikuwa saa tatu tu asubuhi.

"Twende. Kwenye ngazi nitakushika."

Huko mlimani Tshui-ngo alianza kwa kumgombeza marehemu kwa kuondoka bila kuaga, kwa sauti, mpaka mtunza hekalu akachungulia. Kisha akaomba kiberiti, akawasha ubani.