Maboksi Matano ya Benedicta

Jirani wa ghorofa ya tisa haingii kwa mtu bila kugombana kwanza na waya. Alipofika kwa Benedicta, pale mtaani Flemingdon Park, huko ughaibuni, hata viatu vya theluji hajavua, keshaanza: "Dada, nani kakuuzia upuuzi huu? Kompyuta moja, maboksi matano! Unasikiliza muziki au unarusha roketi?" Benedicta hakucheka. Akiba yake yote iliishia kwenye maboksi hayo ya kusafisha sauti, na bado sauti ya marehemu mama yake, iliyorekodiwa Songea, ilizama kwenye mngurumo kama wa friji bovu. Jirani akachomoa plagi, akaifuta kwenye suruali kama kawaida yake, akainusa, akasonya. "Hili boksi la nini? Pambo!" Akaling'oa. Akang'oa la pili, la tatu, la nne, akimlaani muuzaji na ukoo wake mzima. Ikabaki amplifaya peke yake, boksi la kukuza sauti, na waya mmoja kutoka kwenye kompyuta. "Haya, bonyeza!" akafoka.

Mngurumo haukuwepo. Mama akakohoa kidogo, akasema, "Hamjambo, wanangu?" Jirani, mdomo bado umejaa matusi, akavua kofia upesi.

"Shikamoo, mama," akaiambia spika.