Kibao cha Stamford

Mama mwenye nyumba yetu hapa Kawempe hupangusa kibao cha langoni kila asubuhi kwa ncha ya mtandio wake, akilisoma jina polepole, kama anayemwita mgeni: "Sitamufodi." Jina hilo la nyumba, Stamford, nilimchagulia mimi. Nilimweleza, bila kuulizwa, kwamba Waingereza wa kale walipaita hivyo pahali penye mawe pa kuvukia mto kwa miguu. Akaguna, akaendelea kupangusa. Juzi mvua iliujaza ua, nami msomi nikabaki kizingitini, viatu mkononi, nikipiga mayowe kwa maji yasiyofika hata magotini. Akaja amekibeba kibao chake kichwani. Akakilaza juu ya matofali mbele ya mlango wangu, maandishi yakitazama juu. "Kanyaga, mwalimu. Si wewe ulisema hii ni ya kuvukia?"